Picha za mtaani kwa filamu nyeusi na nyeupe: mwongozo wa mkanda wako wa kwanza

Mara nyingi mkanda wa kwanza wa picha za mtaani huharibika kwa sababu mpiga picha anafanya maamuzi wakati alipaswa kuwa anatazama. Mtu anakuja na mwavuli wake, mwanga umempata vizuri usoni, na wewe bado unazungusha pete ya lenzi, unasoma kipima mwanga, unajiuliza kama kasi ya 1/125 ya sekunde inatosha. Ukiinua kichwa, ameshapita. Unampiga mgongo ili usirudi mikono mitupu, na ndiyo maana mikanda mingi ya kwanza imejaa migongo.

Kwa hiyo hapa sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujakutana na mtu yeyote. Aina ya filamu, kasi ya shata (kilango kinachofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu), ukubwa wa tundu la lenzi na umbali wa fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, vinaamuliwa ukiwa umetulia. Mtaani unabaki na kutazama na kubonyeza tu.

Na kwa nini nyeusi na nyeupe? Sababu za kisanaa kila mtu ana zake. Za kivitendo ni kwamba filamu hii inavumilia makosa ya mwanga, hasa ukizidisha, na inasafishwa kwa dawa ya nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali ya rangi inadai nyuzi 38 zisizoyumba. Unaweza kufanya kazi yote mwenyewe bafuni. Anayesafisha mwenyewe hujifunza upesi, maana picha ikitoka vibaya anajua pa kutafuta sababu.

Hatua ya 1: Kamera, na namna ya kuikagua

Huhitaji Leica. Ni kweli kwamba Leica ya kwanza, kazi ya Oskar Barnack iliyoingia sokoni mwaka 1925, ndiyo iliyoipa kamera ndogo heshima ya kwenda popote mkononi. Lakini kamera yoyote ya milimita 35 inayokuruhusu kuweka shata, tundu na umbali kwa mkono inatosha. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni nzito kidogo na haina mbwembwe, na shata yake inafanya kazi hata betri ikifa, kwa kuwa betri inalisha kipima mwanga tu. Olympus Trip 35 ni njia nyingine: haina betri kabisa, mwanga inaupima kwa seli iliyozunguka lenzi na kuamua yenyewe, wewe unachagua umbali kwa alama nne. Giza likizidi inakataa kupiga na kukuonyesha kibendera chekundu ndani ya dirisha la kutazamia.

Lenzi iwe ya milimita 35 au 50. Ukiniuliza mimi, 35. Inakulazimisha kusogea karibu na inakupa nafasi kubwa zaidi ya kukosea umbali, kama utakavyoona mbele. Lenzi ya kuvuta watu kutoka ng'ambo ya barabara iache nyumbani; picha zake hutoka bapa, na anayegundua kwamba amevutwa kwa mbali hukasirika kuliko aliyepigwa uso kwa uso.

Kamera hizi zote zimeshatumika, hivyo ikague. Fungua mgongo wake bila filamu. Weka shata kwenye sekunde moja, bonyeza, sikiliza. Kisha panda hadi 1/15. Kamera iliyolala kabatini miaka mingi huanza kugoma kwenye kasi za polepole, na hata kama hutazitumia, zinakueleza hali ya grisi iliyo ndani. Sasa weka 1/500, elekeza lenzi kwenye dirisha angavu na utazame kwa nyuma: kila ukibonyeza uone mwanga umejaa fremu nzima, si nusu. Pitisha kidole kwenye vijia ambamo mlango wa nyuma hujifungia. Sponji ya hapo ikizeeka inageuka uchafu mweusi unaonata, na mwanga utapenya. Sponji hubadilishwa bila shida, lakini kuvu ndani ya lenzi ni jambo jingine: mulika kwa tochi, na ukiona nyuzinyuzi nyeupe kwenye kioo, tafuta kamera nyingine.

Ukikuta kipima mwanga hakifanyi kazi, usiikatae kamera kwa hilo peke yake. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena, na betri za leo za volti 1.5 huwa zinavidanganya vipima vyake. Tutafanya kazi bila kipima.

Hatua ya 2: Filamu ya ISO 400, aina moja tu

ISO ni namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Chukua Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X 400. Tri-X ya milimita 35 ipo tangu 1954 na wapiga picha wengi wa magazeti waliishi nayo. HP5 ni laini kidogo kwenye kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, na inasamehe zaidi. Zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kununua mikanda minne ya aina nne ili "kuonja". Kila filamu ina tabia yake kwenye mwanga na kwenye dawa, na ukibadilisha kila mara hutajua kama picha imetoka hivyo kwa sababu ya filamu, dawa au mkono wako. Kaa na moja mpaka uizoee.

Soma maandishi ya kikopo kwa makini. Ilford XP2 Super nayo ni nyeusi na nyeupe, lakini inasafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, mchakato unaoitwa C-41. HP5 na Tri-X zikipitishwa kwenye mchakato huo hutoka tupu, kwa sababu madini ya fedha yaliyobeba picha yanaondolewa yote. Ukipeleka filamu yako studio wakakwambia "tunasafisha zote", uliza mara ya pili.

Hatua ya 3: Kuiweka filamu

Usiifanye ukiwa umesimama juani. Ingia kivulini, au geuka jua likupige mgongoni. Vuta ulimi wa filamu mpaka ufike kwenye bobini ya kulia, uchomeke kwenye tundu lake, na hakikisha meno ya gurudumu yameingia kwenye vitundu vya juu na vya chini vya filamu. Sogeza filamu mara moja ukiwa bado unaiona, uangalie inajiviringisha bila kwenda upande. Funga mgongo.

Halafu fanya hili, ambalo watu huliruka. Upande wa kushoto juu ya kamera kuna kishikio cha kurudishia filamu. Kizungushe taratibu kwa kufuata mshale wake mpaka uhisi kimekaza. Umeondoa ulegevu wa filamu ndani ya kikopo. Sasa sogeza wenzo, ule mkono mdogo unaovuta filamu, na upige fremu mbili za bure huku macho yako yakiwa kwenye kishikio hicho. Kikizunguka chenyewe kila unaposogeza wenzo, filamu inatembea. Kisipozunguka, ulimi umechomoka na utakwenda kupiga picha 36 za hewa. Fungua, anza upya.

Weka ISO 400 kwenye kamera kama ina sehemu hiyo, na bandika kipande cha karatasi chenye jina la filamu mgongoni.

Hatua ya 4: Mwanga unaousoma kwa macho

Kuna kanuni ya zamani: jua likiwa kali, tumia tundu la f/16 na kasi ya shata inayokaribia namba ya ISO. Kwa filamu ya 400, kasi iliyo karibu ni 1/500. Iache shata hapo. Kuanzia hapo unabadilisha tundu tu, kwa kutazama vivuli; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi.

Nyoosha mkono, utazame kivuli chake chini. Kingo zake zikiwa kali, ni f/16. Kikiwepo lakini kingo zimelainika, kuna wingu jepesi, nenda f/11. Kikiwa hakionekani vizuri, f/8. Wingu zito na hakuna kivuli kabisa, f/5.6. Ukiwa ndani ya kivuli cha majengo huku anga ikiwa wazi, f/4.

Fanya zoezi hili bila filamu, hata ukiwa unaelekea kazini: taja namba kichwani, kisha hakikisha kwa programu ya kupima mwanga kwenye simu. Watu hushangaa wanavyoizoea haraka.

Sasa tazama namba hizo tena. Upande wa barabara wenye jua unataka f/16, upande wa kivuli unataka f/4. Hizo ni stopu nne za tofauti, na kila stopu ni mwanga mara mbili, jumla mara 16. Hakuna atakayekimbizana na pete ya lenzi akivuka huku na huku. Chagua upande mmoja na ubaki huko. Ukichagua jua, kivuli kitatoka cheusi tii na watu watachomoza kutoka kwenye giza hilo. Ndiyo sura inayowavutia wengi kwenye picha za mtaani. Ukichagua kivuli, nyuso zitakuwa laini, na anga usiihesabu. Kwa kivuli mimi hushusha shata hadi 1/250 na kutumia f/5.6, ili fokasi isiwe nyembamba mno.

Ukisitasita kati ya namba mbili, chagua inayoruhusu mwanga mwingi zaidi. Filamu kama HP5 iliyozidishwa stopu mbili bado inachapika. Iliyopungukiwa stopu mbili haina kitu kwenye vivuli: mwanga haukufika hapo, na hakuna dawa wala kompyuta itakayouleta.

Kuna mahali ambapo kanuni na kipima mwanga vyote vinahitaji akili yako. Kipima cha ndani ya kamera kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua, kipima kinaufuata ukuta, kinapunguza mwanga, na uso wake unabaki doa. Hapo pima uso, au kiganja chako ukikiweka kwenye mwanga uleule unaompiga, na uache ukuta uungue kidogo.

Hatua ya 5: Umbali uliowekwa mapema

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayehangaika na anayepiga. Kwenye lenzi za zamani, pembeni ya pete ya umbali kuna namba za tundu zilizojipanga pande mbili za alama ya katikati. Zinakuonyesha eneo litakalokuwa kali kwenye picha bila wewe kugusa fokasi.

Kwa lenzi ya milimita 35 ukiweka f/8 na umbali wa mita 3, vitu vyote kuanzia karibu mita 1.9 hadi mita 7 vitakuwa vikali vya kutosha. Ukiwa juani na f/16, weka mita 2.6 na kila kitu kuanzia mita 1.3 hadi upeo wa macho kiko ndani. Lenzi ya 50 kwa f/8 na mita 3 inakupa takriban mita 2.3 hadi 4.2, eneo dogo kuliko hilo la kwanza. Sasa unaelewa kwa nini nilisema 35.

Lakini lenzi haiwezi kukusaidia kama hujui mita 3 ni kiasi gani. Chukua tepu, pima mita 2 na mita 3 sakafuni, simama, tazama. Mwombe mtu asimame kwenye alama ya mita 3 na uone kupitia dirisha la kamera miguu yake imekatika wapi. Ukishajua kwamba kwa lenzi yako mtu wa mita 3 anaonekana mzima na nafasi kidogo juu na chini, umepata rula ndani ya dirisha, na haikai tena kichwani. Kisha toka nje na ukadirie kwa macho: huyu mita 4, yule 2.

Ukiwa umefikia hapo, shata imewekwa, tundu limewekwa, umbali umewekwa. Kamera yako ya 1976 sasa ina kasi kuliko simu, kwa kuwa haina cha kufikiri.

Hatua ya 6: Mtaani

Anza na mahali, si na mtu. Tafuta kona ambako mwanga unaingia vizuri: mwanya wa jua kati ya majengo mawili, kioo cha duka kinachorudisha mwanga njiani, ngazi zenye vivuli vya mistari. Simama hapo dakika kumi au ishirini. Kwanza utajiona kituko. Baada ya muda watu wanakuzoea, na wewe unaanza kuona mpangilio: wapitao kwa mwendo gani, wanageuka wapi, nani anasita kwenye kona. Unaijua picha unayoitaka kabla mwenye kuijaza hajafika.

Jizoeze kuona kijivu. Shati jekundu mbele ya majani ya kijani linakupigia kelele machoni, lakini kwenye filamu vitu hivyo viwili vinaweza kutoka kijivu kimoja, na mtu wako akazama kwenye kichaka. Kinachotenganisha vitu hapa ni wepesi na uzito wa mwanga, na umbo. Kukunja macho nusu husaidia, rangi hufifia na mabonge ya giza na mwanga hubaki. Kichujio cha njano mbele ya lenzi huzamisha anga kidogo ili mawingu yaonekane, nacho kinakula takriban stopu moja. Chekundu kinakula kama tatu, na kwa mtaani sikipendekezi.

Halafu tazama kingo za fremu. Wanaoanza hutazama katikati tu, wakarudi na nguzo zinazoota vichwani mwa watu na nusu gari upande wa kushoto. Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho pembe nne. Mwanzoni linachukua sekunde nzima, baadaye halichukui chochote.

Ukishapiga, usishushe kamera haraka kama mwizi. Iache usoni kidogo, kana kwamba bado unaangalia kilicho nyuma yake. Mara nyingi mtu huendelea na njia yake.

Hatua ya 7: Watu, ruhusa na ombi la kufuta

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kupiga si sawa na kuchapisha. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria tangu 1907 inayodai, pamoja na mambo machache yaliyoachwa nje, ridhaa ya mtu kabla ya kutangaza picha yake. Soma sheria ya pale ulipo kabla ya kutoka, hasa kuhusu majengo ya serikali, ya jeshi na viwanja vya ndege. Zaidi ya sheria, jiwekee mipaka yako. Mimi sipigi mtu aliyelala nje, aliye mgonjwa au anayelia, na mtoto sipigi bila mzazi kujua. Picha za namna hiyo ni rahisi kupata, na ndiyo sababu mojawapo ya kuzikwepa.

Wakati mwingine ni bora kuomba. Sema jambo la kweli na fupi: "Samahani mzee, mwanga hapo ulipokaa ni mzuri sana. Naomba nikupige picha moja." Akikubali, hajui aweke wapi mikono, anajinyoosha. Piga hiyo ya kujinyoosha, shukuru, na usishushe kamera. Ya pili, akishapumua, ndiyo yako.

Filamu ina tatizo moja ambalo wenye simu hawalijui. Mtu anakufuata na kusema, "Futa hiyo picha." Huwezi kufuta. Ukimwambia hivyo kwa mkato, anaona unamdanganya. Mgeuzie kamera aone mgongo hauna kioo, mweleze ni filamu, na mwahidi kwamba hutaichapisha wala kuiweka popote. Kisha timiza ahadi: andika namba ya fremu na uiache. Usifungue kamera kumridhisha, maana utaunguza picha za watu wengine wote pia. Lakini hali ikianza kuwaka moto na mtu hasikii neno, toa mkanda umpe, uondoke. Hakuna picha inayostahili ngumi.

Hatua ya 8: Mkanda ukiisha

Wenzo ukikataa kusogea, usiulazimishe. Bonyeza kitufe kidogo chini ya kamera, kunjua kishikio cha kushoto, na zungusha kufuata mshale. Utahisi mvutano, kisha ghafla ulegevu. Zungusha mara chache zaidi ndipo ufungue. Andika kwenye kikopo tarehe na ISO uliyotumia, papo hapo. Vikopo viwili visivyo na maandishi vinafanana kabisa.

Ukisafiri kwa ndege, mashine mpya za CT za ukaguzi wa mizigo ya mkononi zinaweza kuharibu filamu isiyosafishwa, hata ya ISO 400. Iweke kwenye mfuko unaoonyesha na uombe ikaguliwe kwa mkono.

Hatua ya 9: Kusafisha

Unahitaji tangi lenye rili (gurudumu la kuviringishia filamu), begi jeusi lenye mikono, kipimajoto, vikombe vya kupimia, saa, mkasi na kifungua chupa cha kufumulia kikopo. Dawa ni developa inayoitoa picha, fiksa inayoifanya isiharibiwe tena na mwanga, na ile ya kusaidia maji yateleze mwishoni. Dawa ya kusimamisha kazi ya developa ni nzuri kuwa nayo, ingawa kusuuza kwa maji kunafanya kazi.

Kupandisha filamu kwenye rili gizani ndiko kunakowatoa watu jasho. Toa mkanda mmoja sadaka: ujizoeze ukiutazama, kisha macho yamefungwa, kisha ndani ya begi. Rili na mikono viwe vikavu kabisa, unyevu kidogo tu unafanya filamu ing'ang'anie. Ikikwama usiisukume; irudishe nyuma kidogo, ipapase kingo zake, uanze tena.

Kwa HP5 iliyopigwa kwa 400, developa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwenye nyuzi 20, ni dakika 13. Kwa Tri-X na D-76 iliyochanganywa vivyo hivyo, ni dakika 9 na sekunde 45. Tangi la mkanda mmoja huchukua karibu mililita 300, yaani 150 za dawa na 150 za maji, na ukimaliza unamwaga mchanganyiko huo. Mimina, geuza tangi juu chini mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, ligonge mezani ili mapovu yaachie filamu, kisha rudia mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Usitikise kama unachanganya juisi, wala usisahau dakika mbili ukaja kufidia. Kinachotafutwa ni kufanya vilevile kila mara.

Maji yako yakiwa na nyuzi 24 au zaidi, weka vyombo kwenye beseni la maji yenye barafu mpaka yashuke. Ikishindikana, punguza takriban asilimia 10 ya muda kwa kila nyuzi inayozidi, ila usishuke chini ya dakika 5, maana hapo filamu huanza kusafishika mabakamabaka.

Mwaga, simamisha, kisha tia fiksa. Ile ya haraka, sehemu moja kwa maji sehemu nne, hufanya kazi ndani ya dakika 2 hadi 5. Kujua kama bado ina nguvu, tumbukiza kipande cha ulimi wa filamu ulichokata kabla ya kuipandisha kwenye rili: pima muda kinaochukua kuwa angavu, zidisha mara mbili, ndio muda wa fiksa. Kuosha hakuhitaji bomba kutiririka nusu saa. Jaza maji, geuza mara 5, mwaga; jaza, geuza mara 10, mwaga; jaza, geuza mara 20, mwaga. Malizia na matone ya dawa ya kuteleza, tundika bafuni pasipo vumbi, na kibanio kizito chini. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha. Ikusanye kwenye chupa yenye lebo, usiimwage bustanini.

Hatua ya 10: Kuusoma mkanda, na mkanda unaofuata

Ikikauka, ikate vipande vya fremu sita sita na uviweke kwenye kurasa zake. Kabla ya kuskani, inua negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo giza na mwanga vimegeuzwa, kwenye mwanga uisome. Maandishi ya kiwandani pembeni yakiwa meusi na wazi, kusafisha kulikwenda vizuri. Maandishi wazi na fremu tupu kabisa: filamu haikutembea, au shata haikufunguka. Maandishi yenyewe yamefifia: dawa ilikuwa imechoka, baridi au muda mfupi. Maandishi sawa lakini fremu zimepauka na vivuli havina chochote: ulinyima mwanga, rudi hatua ya 4. Ukijua kusoma hivyo, hutamlaumu tena mwenye duka la filamu bure.

Kuchagua picha usikufanye siku hiyohiyo. Garry Winogrand, mpiga picha za mtaani wa Marekani, alikuwa akiacha mikanda ikae muda mrefu kabla ya kuisafisha, ili furaha ya siku aliyopiga isimdanganye wakati wa kuchagua. Alipofariki mwaka 1984 aliacha takriban mikanda 2,500 isiyosafishwa. Ushauri wangu ni nusu ya njia yake. Safisha mapema, kwa kuwa mwanzoni unahitaji kujua ulichokosea, kisha funga kurasa zako wiki mbili au tatu ndipo uchague. Picha uliyoipenda kwa sababu ulitetemeka ukiipiga huenda ikawa ya kawaida tu, na iliyo kando yake, usiyoikumbuka, ikakushika.

Mkanda wa pili badilisha kitu kimoja, kingine chote kibaki. Wengi hutamani usiku, na HP5 inakwenda: weka 1600 kwenye kamera badala ya 400, fanya hivyo kwa mkanda mzima, na usafishe kwa ID-11 isiyochanganywa maji, nyuzi 20, dakika 14. Chembechembe zitaongezeka na vivuli vitakuwa vizito. Chini ya taa za maduka anza na 1/125 na f/2.8, na andika 1600 kwenye kikopo kwa kalamu nene kabla hakijaingia mfukoni.